Kabla ya kununua baiskeli ya milimani, ikague fremu

Na Mwandishi Wetu, Njombe

BARABARA inayounganisha Njombe na Makambako ina urefu wa takriban kilometa 60. Kwa abiria wa basi hiyo ni safari fupi. Kwa mwendesha baiskeli, hasa yule anayeacha lami na kushika njia za mashamba ya chai, viazi na miti ya mbao, ni safari ya kupanda na kushuka inayopima kila kiungo cha mwili wake na kila kiungo cha chombo anachokiendesha.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na umekaa juu ya vilima. Anayetoka nyumbani kwa baiskeli hana budi kukutana na mteremko. Mnyororo ukikatika, atashuka na kuikokota. Breki ya mbele ikishindwa, anayo ya nyuma. Lakini fremu ikikatika karibu na usukani wakati baiskeli iko kwenye kasi, hakuna kifaa cha akiba cha kumwokoa.

Pamoja na ukweli huo, mnunuzi anayeanza huitazama fremu mwisho kabisa. Kwanza huvutiwa na rangi, kisha huhesabu gia, halafu hubonyeza shokapu kuona kama zinacheza. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Tairi, cheni, breki na hata magurudumu hubadilishwa kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana, lakini fremu ndiyo baiskeli yenyewe. Ikiwa mbovu, kila kinachofungwa juu yake ni hasara.

Makala haya yanaeleza namna mtu anayeanza anavyoweza kuchagua fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu, na kwa nini aina hiyo inafaa zaidi kwa mazingira ya Njombe na Makambako.

Kwa nini nyuma pasiwe na shokapu

Baiskeli za milimani, ambazo wengi mitaani huziita baiskeli za gia, zimegawanyika katika makundi makuu matatu. Lipo kundi lisilo na shokapu kabisa, lipo lenye shokapu kwenye foki ya mbele pekee, na lipo lenye shokapu mbele na nyuma.

Kundi la tatu huwavutia sana vijana kwa sababu ya mwonekano wake. Hata hivyo, shokapu ya nyuma huhitaji fremu iliyokatwa vipande viwili na kuunganishwa kwa viungo vinavyocheza. Katika baiskeli za bei ya chini viungo hivyo hulegea mapema, shokapu yenyewe huwa springi tu isiyo na kitu cha kutuliza mruko wake, na uzito huongezeka. Anayepanda kilima hupoteza sehemu ya nguvu zake kuinamisha springi badala ya kusonga mbele.

Fremu isiyo na shokapu nyuma ni kipande kimoja. Haina kiungo cha kulegea, na nguvu ya miguu hufika kwenye gurudumu moja kwa moja. Kwa anayeanza kuna faida nyingine: baiskeli hiyo humfundisha kuchagua njia, kunyanyuka kwenye kiti anapopita penye mawe na kutumia magoti yake kama shokapu.

Kwa nini chuma

Fremu nyingi za kisasa hutengenezwa kwa aluminiamu, na zile za gharama kubwa kwa nyuzi za kaboni. Chuma ni kizito kuliko vyote hivyo. Kwa ujazo ule ule, uzito wake unakaribia mara tatu ya uzito wa aluminiamu. Lakini kwa kuwa chuma ni imara zaidi, mabomba yake huweza kufanywa membamba, ndiyo maana fremu nzuri ya chuma huzidi ile ya aluminiamu kwa kiasi kidogo tu.

Sababu ya kwanza ya kuchagua chuma ni namna kinavyochoka. Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho kikibaki chini yake kinaweza kuhimili mitikisiko kwa muda mrefu sana bila kupasuka. Aluminiamu haina kiwango cha namna hiyo. Kila mtikisiko, hata mdogo, huongeza uchovu wake, na kwa sababu hiyo watengenezaji huifanya minene ili ichelewe kufika mwisho. Vilevile, fremu ya chuma inayoelekea kukatika mara nyingi hutanguliza dalili. Hupinda, rangi hupasuka, au ufa mdogo huonekana kabla bomba halijaachana. Mwenye macho ya kukagua hupata nafasi ya kushuka mapema.

Sababu ya pili ni matengenezo. Bomba la chuma lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa, na lililopata ufa linaweza kuchomelewa na fundi anayeijua kazi yake. Aluminiamu huhitaji mashine maalumu ya kuchomelea, na aina nyingi zake huhitaji pia kupashwa moto kwa kipimo baada ya hapo ili zirudishe nguvu.

Mfano mmoja unatosha. Nyuma ya fremu, upande wa kulia, kuna sikio dogo linalobeba kifaa cha kubadilishia gia. Baiskeli ikianguka upande huo, sikio hupinda. Katika fremu nyingi za chuma sikio hilo ni sehemu ya fremu na hunyooshwa kwa uangalifu. Katika fremu za aluminiamu huwa ni kipande kinachofungwa kwa skrubu na kubadilishwa kikiharibika. Ugumu ni kwamba vipande hivyo vina maumbo mengi mno, na kila fremu ina chake. Anayeishi mbali na maduka makubwa anaweza kuiweka baiskeli nzima kwa kukosa kipande kinachoenea kiganjani.

Zilianzia kwenye baiskeli kuukuu

Baiskeli za milimani zenyewe zilizaliwa kutokana na chuma kikuukuu. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za chuma zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940 na kushindana nazo kwenye miteremko ya vumbi. Mwaka 1976 walianzisha mashindano yaliyojulikana kwa jina la Repack. Jina hilo lilitokana na breki za kukanyaga za baiskeli hizo, ambazo zilipata moto kwenye mteremko hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mbio ikabidi zijazwe grisi upya.

Fremu hizo za zamani zilikuwa zikivunjika. Mwaka 1977 mmoja wa washindani hao, Joe Breeze, alianza kutengeneza fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo akitumia mabomba ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli iitwayo Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani kwa chuma, na biashara ikaenea duniani.

Historia hiyo ina faida kwa mnunuzi wa leo. Baiskeli nyingi za milimani zilizotengenezwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa za chuma, na baadhi zilikuwa za chuma kizuri sana. Zinapofika sokoni kama mitumba, huonekana chakavu na zisizo na shokapu, kwa hiyo asiyejua huzipita. Anayejua husimama na kuzisoma.

Vyuma havilingani

Kosa la pili la anayeanza ni kudhani kwamba chuma ni chuma. Kwenye fremu za baiskeli kuna daraja mbili anazopaswa kuzitambua.

Daraja la kwanza ni chuma cha kawaida, ambacho kwenye kibandiko huandikwa "Hi-Ten". Ni chuma chenye kaboni kisicho na mchanganyiko mkubwa wa madini mengine. Mabomba yake hulazimika kuwa manene, hivyo fremu ni nzito. Si chuma kibaya. Ni rahisi kuchomelea na huvumilia kupigwa.

Daraja la pili ni kromoli, ambayo huandikwa "Cr-Mo" au "4130". Hii ina takriban asilimia 1 ya kromiamu, asilimia 0.2 ya molibdenamu na asilimia 0.3 ya kaboni. Kwa nguvu zake, bomba linaweza kuwa na unene usiofika milimita 1 sehemu ya katikati na kuongezwa unene kwenye ncha, panapochomelewa. Majina kama Tange la Japani, Reynolds la Uingereza na Columbus la Italia kwenye kibandiko ni ya watengenezaji wa mabomba wanaoheshimika.

Kibandiko peke yake hakitoshi. Kwanza, hubandikwa kirahisi. Pili, hutakiwa kusomwa chote, kwani wapo watengenezaji wanaoandika kwamba mabomba makuu matatu ndiyo ya kromoli, maana yake yale ya nyuma si ya kromoli.

Kipo kipimo kinachosaidia kuujua ukweli. Chomoa nguzo ya kiti na usome namba iliyogongwa juu yake. Katika fremu nyingi za chuma za miaka hiyo, bomba linalobeba nguzo hiyo lina kipenyo cha milimita 28.6 kwa nje. Nguzo ikiwa ya milimita 27.2, unene wa ukuta wa bomba ni milimita 0.7 tu, dalili kwamba chuma ni kizuri. Nguzo ikiwa ya milimita 25.4, ukuta una milimita 1.6, na hapo fremu inaelekea kuwa ya chuma cha kawaida hata kama kibandiko kinasema vingine.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Nguzo ikigoma kutoka kabisa, huenda imeshikana na bomba kwa kutu, na kuitoa kunaweza kuigharimu fremu. Na kama muuzaji hana hakika iwapo fremu ni ya chuma au aluminiamu, sumaku ndogo humaliza ubishi. Sumaku hunasa kwenye chuma, kwenye aluminiamu hainasi.

Kimo kabla ya bei

Fremu isiyomtosha mtu haifai hata ikitolewa bure. Njia rahisi ya kupima ni kuivuka baiskeli na kusimama wima, miguu yote chini, bomba la juu likiwa katikati ya mapaja. Kwa njia za mashamba na misitu, pawepo nafasi ya sentimita 5 au zaidi kati ya bomba na mwili. Kukosa nafasi hiyo ni kujitafutia maumivu siku ya kuruka ghafla kutoka kwenye kiti.

Baada ya hapo mnunuzi akae kwenye kiti na kushika usukani. Viwiko vibaki vimekunjwa kidogo na mgongo usinyooshwe kwa nguvu. Kiti kinaweza kupandishwa au kushushwa, lakini urefu wa fremu kutoka kwenye kiti hadi usukani haubadiliki kirahisi. Anayebabaika kati ya fremu mbili kwa ajili ya njia mbaya ni vyema achukue iliyo ndogo kidogo.

Namna ya kukagua iliyotumika

Ukaguzi wa fremu ya mtumba ufanyike mchana, nje, baada ya kufuta vumbi na tope. Sehemu ya kwanza ni chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani, sentimita chache nyuma ya kichwa cha fremu. Baiskeli iliyowahi kugonga ukuta au shimo huacha hapo mkunjo kama wa ngozi. Kidole hupapasa na kuugundua hata rangi ikiwa nzuri. Fremu yenye mkunjo huo iachwe.

Sehemu ya pili ni maungio yote, hasa pale mabomba ya nyuma yanapokutana na sehemu ya pedeli. Mstari mwembamba wa kutu unaopita kwenye rangi karibu na maungio unaweza kuwa ufa. Rangi mpya iliyopakwa kwa brashi sehemu moja tu ni sababu ya kuuliza maswali, si sababu ya kufurahi.

Sehemu ya tatu ni unyoofu. Funga uzi kwenye sikio la ekseli ya nyuma upande mmoja, uupitishe mbele ya kichwa cha fremu na kuurudisha hadi sikio la upande wa pili, ukiuvuta uwe mkakamavu. Pima kwa rula umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vinapaswa kulingana. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda, na gharama za kuinyoosha ziingizwe kwenye bei au mnunuzi aendelee kutafuta.

Sehemu ya nne ni namba ya fremu, ambayo aghalabu hugongwa chini ya sehemu ya pedeli. Ikiwa imesagwa, fremu hiyo isinunuliwe kwa bei yoyote. Namba ikiwepo, iandikwe kwenye risiti, ili mwenye mali aweze kuithibitisha siku ikiibwa.

Vipuri vitakaa?

Sifa ya chuma ya kutengenezeka haina maana kama vipuri vinavyopatikana mjini havikai kwenye fremu. Hapa vipimo vitatu vinahitajika.

Kwanza ni gurudumu. Baiskeli za milimani za zamani zinatumia rimu ya inchi 26, ambayo tairi lake huandikwa kwa nukta, kama vile 26 x 1.95. Kuna tairi jingine linaloandikwa kwa sehemu, 26 x 1 3/8, ambalo hutumika kwenye baiskeli za mjini, zikiwemo nyingi za kutoka Japani. Yote mawili huitwa inchi 26, lakini rimu zake zinatofautiana kwa zaidi ya sentimita 3 za kipenyo na tairi la moja halikai kwenye nyingine. Namba ndogo iliyoandikwa ubavuni haidanganyi: 559 ni ya milimani, 590 ni ya mjini.

Pili ni nafasi kati ya masikio ya nyuma. Fremu nyingi za milimani zina milimita 135, na za zamani zaidi 130 au 126. Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa milimita chache na fundi makini. Ya aluminiamu isijaribiwe.

Tatu ni kichwa cha fremu na sehemu ya pedeli. Shina la foki huwa la inchi 1 au inchi 1 na moja ya nane. Hili la pili ndilo linalotumika kwa foki nyingi za shokapu. Kwenye sehemu ya pedeli, nyuzi za upande wa cheni katika fremu nyingi hufungwa kwa kuzungushwa kinyume cha kawaida. Wapo wanaoharibu fremu nzima kwa kutojua jambo hilo moja.

Aidha, mwenye fremu iliyoundwa kwa foki isiyo na shokapu asikimbilie kuifunga foki ndefu ya shokapu. Foki hiyo huinua mbele kwa sentimita kadhaa, hubadilisha namna usukani unavyogeuka na huongeza mzigo kwenye maungio ya kichwa, pale pale ambapo fremu ikikatika hakuna wa kusimulia vizuri. Ichaguliwe fupi, yenye urefu unaokaribia ule wa foki ya awali.

Udongo, mvua na moto wa fundi

Mvua katika nyanda hizi huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi Aprili au Mei. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye tairi na kujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Kabla ya kununua, mtu aingize kidole kati ya tairi na mabomba ya nyuma, kila upande. Kidole kisipopita, hiyo ni baiskeli ya kiangazi.

Maji nayo huingia ndani ya mabomba kupitia kwenye nguzo ya kiti na kutulia chini, kwenye sehemu ya pedeli. Kutu ya ndani haionekani mpaka imekula bomba. Kinga yake haina gharama kubwa: kuchomoa nguzo ya kiti, kuigeuza baiskeli juu chini maji yatoke, kumwaga mafuta kidogo ndani na kuizungusha fremu yasambae, kisha kupaka grisi nguzo kabla ya kuirudisha. Ifanyike mvua zinapokatika, na kabla hazijaanza tena.

Kuhusu kuchomelea, tahadhari ni moja. Mashine ya umeme inayotumika kwa mageti na madirisha ni kali mno kwa bomba lisilofika milimita 1. Hutoboa, au huacha chuma cha pembeni kikiwa kikavu na chepesi kukatika. Fremu ya kromoli ipelekwe kwa fundi anayeunga kwa gesi na shaba kwa moto wa wastani. Fremu ya chuma cha kawaida, kwa unene wake, huvumilia zaidi. Foki iliyopasuka isichomelewe kabisa. Ibadilishwe.

Kwa sababu hiyo, kromoli si jibu la kila mtu. Anayetaka kupanda vilima kwa mazoezi na michezo atanufaika na wepesi wake. Anayetaka kubeba gunia la viazi kwenye karia kutoka shambani huenda akafaidika zaidi na chuma kinene cha kawaida, kama kile cha Phoenix ambazo zimewabebea wakulima mizigo kwa miaka mingi, mradi awe tayari kusukuma kwenye kilima.

Wahenga walisema rahisi huwa ghali. Mnunuzi mwenye fedha kidogo asizigawe sawasawa kati ya fremu, gia na shokapu. Azielekeze kwanza kwenye fremu nyoofu, isiyo na ufa, inayomtosha kimo na inayokubali vipuri vya mjini, kisha kwenye breki. Gia chache zinatosha kuanzia, na shokapu inaweza kusubiri.

Sumaku, uzi, rula na dakika 20 ndivyo vinavyohitajika kabla ya kutoa fedha mfukoni. Muuzaji anayekataa baiskeli yake isipimwe kwa vitu hivyo ameshamjibu mnunuzi.